Kichwa kinapotekenya na hakuna anayejua kwa nini

Ilikuwa Januari, msimu wa sare za shule, wakati ambapo fundi wa nguo hapa Nakuru hajui Jumapili wala Jumatatu. Nilikuwa nimeinamia cherehani nikimalizia kola ya shati, mara nikahisi kitu kama tone la maji baridi likiteremka chini ya ngozi ya kichwa, kutoka utosini hadi juu ya sikio la kushoto. Nikapapasa. Pakavu. Nikatazama mabati juu kama yanavuja, na nje jua lilikuwa likiwaka. Baada ya dakika kumi tone likarudi.

Halikuuma, na hapo ndipo lilipoanza kunisumbua. Lingeuma ningemeza dawa ya kichwa nikaendelea na kazi. Kitu kisichouma, kisichoonekana na kisicho na jina hakina pa kushikwa. Kufikia Machi nilikuwa nimeshajizika mara kadhaa kwa mawazo, na hata nilishaamua nani atarithi cherehani.

Huu ni mwaka wa tatu. Tone bado huja, pengine mara moja kwa wiki, na hakuna aliyenipa jina lake. Nilichokuja kung'amua ni kwamba yalikuwa mambo mawili, tone na hofu ya tone, na hilo la pili ndilo lililokuwa likinila siku zangu. Mwongozo huu unahusu hofu, ila hauwezi kuanza kabla tone lenyewe halijaangaliwa. Mimi ni fundi wa nguo, si daktari. Ya kitabibu niliyoyaweka hapa ni ya kawaida, mtabibu yeyote ayajua.

Hatua ya 1: Ondoa hatari kwanza

Usinisome hadi mwisho kama una mojawapo ya haya. Nenda hospitali leo, idara ya dharura, ya karibu kuliko zote:

- Maumivu ya kichwa yaliyolipuka ghafla na kufikia kilele ndani ya dakika moja, makali kuliko yote uliyowahi kuyapata.
- Mdomo kwenda upande, mkono au mguu wa upande mmoja kulegea au kufa ganzi ghafla, maneno kutotamkika. Hicho huenda ni kiharusi. Angalia saa ilipoanza uikumbuke, daktari ataiuliza kwa sababu kuna dawa zinazofaa katika saa chache za mwanzo tu.
- Homa pamoja na shingo ngumu, au kuchanganyikiwa, au degedege.
- Macho kuona giza au kuona vitu viwili viwili ghafla.
- Kichwa kuuma baada ya kuanguka au kugongwa, hasa ukitapika au ukisinzia kusiko kwa kawaida. Wa bodaboda, nanyi hamjasahauliwa.
- Mjamzito aliyepita wiki 20, au mama aliyejifungua karibuni, mwenye maumivu makali ya kichwa au anayeona vimulimuli.

Kuna pia yasiyo ya kukimbizwa usiku lakini yasiyofaa kungoja mwezi: maumivu mapya kwa mtu aliyevuka miaka 50, maumivu yanayozidi kila wiki, yanayokuamsha alfajiri na kutapika, yanayochacha ukikohoa au ukiinama, au dalili yoyote mpya ya kichwa kwa mtu ambaye kinga yake ya mwili imeshuka. Na kama umetoka Busia, Kisumu au Homa Bay ukiwa na homa na kichwa kinauma, pima malaria kabla ya kuwaza lolote lingine. Nakuru hatuna mbu wengi kama wa huko Ziwa Victoria, basi watu husahau.

Hakuna hata moja? Endelea.

Hatua ya 2: Muone daktari, na uende umejiandaa

Hapa nilikosea vibaya. Ndani ya wiki sita nilienda mahali pane, na kila nilipoingia nilijifanya ndiyo mara yangu ya kwanza, nikitaka jibu safi lisiloathiriwa na la yule wa kabla. Mahali pamoja nilitazamwa dakika mbili nikadungwa sindano ya vitamini. Kwingine niliambiwa ni presha, kumbe presha ilipanda kwa sababu nilikuwa nimepanda ngazi mbio huku nikitetemeka. Pesa za kitambaa cha mwezi mzima ziliishia hapo, na majibu manne yasiyolingana yakanipa hofu nne.

Chagua mahali pamoja. Kituo cha afya cha mtaani kinatosha kwa kuanzia, na kama umejisajili na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza unachostahili pale bila kulipa. Akiona haja, mtabibu atakuandikia barua ya kwenda hospitali kubwa.

Nenda na karatasi moja. Andika dalili ilianza lini, hukaa sekunde au saa ngapi, iko upande gani, nini huileta na nini huiondoa. Andika dawa zote unazotumia, za duka, za mitishamba, na zile ulizoacha karibuni. Hizo ulizoacha ni muhimu kuliko unavyodhani: kuna dawa za sonona na wasiwasi ambazo ukizikatiza ghafla huleta mipigo kama ya umeme kichwani.

Akikupima vizuri ataangalia presha, macho, nguvu za mikono na miguu, atakuomba utembee, uguse pua kwa kidole. Presha ipimwe ukiwa umekaa na kutulia dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, bila chai wala kahawa nusu saa kabla. Kipimo kimoja cha 140 kwa 90 hakikufanyi mgonjwa wa presha. Hurudiwa siku nyingine.

Kisha uliza maswali matatu na uandike majibu palepale: Ni jambo gani la hatari umeliangalia ukaona halipo? Ni mabadiliko gani yakitokea nirudi? Nirudi lini hata kama hakuna kilichobadilika? Tia tarehe. Karatasi hiyo itakufaa kuliko dawa, utaona mbele.

Kuhusu picha ya kichwa: daktari akisema ipigwe, ipigwe. Akisema haihitajiki, usitembee kliniki hadi kliniki ukitafuta wa kukupigia. Siyo gharama tu. Ukiwapiga picha ya ubongo watu 100 wasio na dalili yoyote, kama wawili au watatu watakutwa na kitu kidogo ambacho hakikutafutwa, na mara nyingi hakina madhara. Mwenye hofu akipewa habari ya kijivimbe ambacho angezeeka nacho bila kujua, amepewa kazi ya maisha.

Hatua ya 3: Kagua shingo, meno, chai na misuko

Daktari wa mwisho, aliyekuwa mzee mpole, hakuniuliza habari za kichwa kwanza. Aliniuliza: "Fundi, kwa siku unainama saa ngapi?" Nikahesabu. Kumi na moja.

Misuli ya shingo na ya kisogo imeungana na ngozi ya kichwa, na mishipa ya fahamu inayotoka juu ya shingo hupanda kisogoni hadi utosini. Ikibanwa au kuchoshwa huleta kutekenya, kuchoma, ganzi, hisia ya maji, hisia ya wadudu. Maumivu ya kichwa yanayopatikana zaidi duniani ni yale ya mkazo, kama umefungwa ukanda. Wapo pia wanaochomwa kama sindano kwa sekunde chache, na wanaosikia mlio kama wa bomu kichwani wanapopitiwa na usingizi. Yote mawili hutisha, na kwa kawaida hayana hatari.

Basi jikague. Unasaga meno usiku, au unayauma mchana ukikazana? Weka ulimi kwenye kaakaa, midomo ifungwe, meno yaachane, hapo ndipo taya hupumzika. Umesukwa rasta za kuvuta hadi nyusi zinapanda? Zifumue, kichwa kinauma kwa kuvutwa. Kofia ya pikipiki inakubana? Unakunywa vikombe sita vya chai ya rangi leo na kesho hunywi hata kimoja? Kichwa cha kukosa kafeini huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho na kinaweza kudumu siku kadhaa. Na ukimeza dawa za kutuliza maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, dawa zenyewe huweza kugeuka chanzo cha maumivu. Nyumba ngapi hapa mtaani zina kijaruba cha tembe juu ya friji?

Mimi niliinua meza kwa matofali mawili na kuanza kusimama kila baada ya mashati matatu. Tone lilipungua. Halikuisha. Nilifika hadi kulaumu maji ya Nakuru, ambayo kosa lake linalojulikana ni floridi inayotia meno rangi ya kahawia. Maji hayakuwa na hatia.

Huenda nawe ukakagua yote haya usiambulie jina. Ni kawaida. Madaktari hukutana kila siku na dalili za kweli zisizo na ugonjwa nyuma yake. Kuwa halina jina hakumaanishi unalibuni.

Hatua ya 4: Fanya jaribio la kidole gumba

Soma aya hii, kisha weka simu chini. Kwa dakika mbili fikiria kidole gumba cha mguu wako wa kushoto peke yake. Joto lake, soksi inavyokigusa, damu inavyopita.

Umerudi? Wengi huhisi kinawasha, kinadunda, au kimekuwa kizito. Kidole kile kile kilikuwepo asubuhi nzima hukuwa na habari nacho. Ubongo hupokea taarifa nyingi mno za mwili na kuzitupa karibu zote, ila ukiuambia kwamba sehemu fulani ni muhimu, huacha kuzitupa. Kidole umekilinda dakika mbili tu. Sasa fikiria umelinda upande wa kushoto wa kichwa kwa miezi mitatu.

Halafu huja pumzi. Ukiogopa unapumua haraka na juu juu, hewa ya kaboni katika damu inapungua, mishipa ya damu ya ubongo inajibana kidogo, na hapo unapata kichwa chepesi, midomo na vidole kutekenya, kizunguzungu. Hizo ni dalili mpya za kichwa, nawe ulikuwa umekaa ukizisubiri. Hofu imejiletea ushahidi.

Hatua ya 5: Hesabu kwa chaki

Siku moja usibadilishe chochote. Hesabu tu. Kila unapojikagua piga mstari mmoja: ukipapasa kichwa, ukijitazama machoni kwenye kioo, ukitabasamu kuona kama mdomo uko sawa, ukisimama kwa mguu mmoja, ukitafuta dalili kwenye simu, ukimuuliza mtu "naonekana sawa?" Mimi nilitumia chaki ya kukatia nguo, pembeni mwa meza.

Jioni nilikuta mistari 61. Kati yake 23 ilikuwa ya kioo, na kioo kile ni cha wateja. Nilikaa nikaitazama ile meza kwa muda mrefu. Mpaka siku hiyo ningeapa kwamba najikagua mara tano au sita.

Hatua ya 6: Chelewesha, kisha punguza

Kujikagua hutuliza, ndiyo maana ni vigumu kuacha. Utulivu wake hudumu dakika chache, na kila mara unaufundisha ubongo kwamba kweli palikuwa na hatari ya kukaguliwa. Lakini ukijaribu kuacha yote Jumatatu, Jumanne utakuwa umeshindwa na umejidharau juu yake.

Anza kwa kuchelewesha. Hamu ya kujipapasa ikija, maliza mshono ulio nao, ndipo uamue. Wa duka amalize kumhudumia mteja, wa shamba amalize mstari wa mahindi. Hamu hupanda, hufika juu, hushuka yenyewe, na hata hofu kali ya ghafla kwa kawaida hufika kilele ndani ya dakika 10 hivi. Ukiwa umeshaiona ikishuka mara tatu bila msaada wako, ya nne haina ubabe ule.

Kisha punguza kimoja kimoja, ukianza na kilicho rahisi. Wiki ya kwanza niligeuza kioo kielekee ukutani, nikawa nakigeuza mteja akiwepo. Wiki ya pili, kupapasa. Simu niliiacha mwisho kwa sababu ndiyo ilikuwa imenishika. Haijui kama nina miaka 38 na shingo iliyochoka, huniorodheshea magonjwa na jicho langu hukimbilia lile la kutisha. Kanuni yangu ilikuwa hii: swali likija naliandika kwenye kijitabu, nalitafuta kesho yake saa ile ile kama bado nalitaka. Mengi hayakuamka na mimi.

Siku za mwanzo hofu itaongezeka. Ni dalili kwamba umegusa penyewe.

Upande wa pili ni yale uliyoyaacha. Mimi niliacha kusafiri. Kitambaa nanunua Eastleigh, Nairobi, kilomita kama 160, na nilikuwa na picha kichwani ya kuzimia Gilgil, nimelazwa kando ya barabara, watu wananipekua mifuko. Kwa miezi miwili nilimtuma kijana, akaniletea rangi zisizo zangu. Nilivyorudi barabarani ni hivi: Jumatatu nilipanda matatu hadi Free Area, mtaa wa hapa hapa Nakuru, nikashuka, nikarudi. Mara tatu wiki ile. Wiki iliyofuata Gilgil, nikakaa kwenye kibanda nikanywa chai pale pale nilipokuwa nimejizika. Nilitokwa na jasho na tone lilikuja, nikamaliza kikombe. Kisha Naivasha. Kisha Nairobi na mtu. Kisha Nairobi peke yangu, kiti cha katikati, bila chupa ya maji wala tembe mfukoni, maana hizo nazo zilikuwa hirizi.

Andika ngazi yako hivyo. Kituo cha kwanza kiwe cha kukuchekesha kwa udogo. Usipande kinachofuata mpaka hiki kimeanza kukuchosha kwa mazoea.

Hatua ya 7: Zungumza na wa nyumbani

Mke wangu alikuwa ameshachoka kunihakikishia. Saa tano usiku namwuliza, "Mama Nekesa, hebu niangalie jicho hili." Ananiangalia, ananiambia uko sawa, nalala, saa nane namwamsha tena. Tulikubaliana maneno mapya, na ni yeye aliyeyatunga: "Baba Nekesa, hilo tulilijibu Jumapili. Nakupenda. Lala." Mara ya kwanza nilikasirika. Bila hayo maneno nisingepona, kwa hiyo waombe wako wakujibu hivyo, na uwaombe mchana, mkiwa mmetulia.

Mama yangu yuko Bungoma. Yeye alikuwa na hakika kuna jirani ameniangalia vibaya. Sikubishana naye. Nilimwambia, "Mama, niombee, na mimi nitaendelea na ya daktari." Mchungaji naye aliniombea nikashukuru, ila nilipomwendea mara ya nne wiki hiyo hiyo aliniuliza kwa upole kama yale maombi ya kwanza hayakufika. Nilielewa.

Hatua ya 8: Usiku

Usiku ni mbaya kwa sababu hakuna cherehani. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe polepole ukihesabu sita, dakika tano. Usiifanye ili tone liondoke, maana utaanza kuchungulia kama limeondoka. Ifanye huku tone likiendelea na shughuli zake. Usipolala baada ya nusu saa hivi, inuka ukakae sebuleni, fanya jambo la kuchosha. Mimi hupanga vifungo kwa ukubwa.

Hatua ya 9: Ikikushinda

Umejaribu wiki sita hivi na bado huli, hulali, huendi kazini? Rudi kwa daktari yule yule na useme wazi: "Nina hofu ya ugonjwa, inanitawala." Kuna tiba ya mazungumzo inayobadilisha fikra na mazoea, na hatua nyingi za hapa juu zimetoka humo. Kuna pia dawa. Huchukua wiki kadhaa kufanya kazi na haziachwi ghafla. Hospitali ya kaunti inaweza kukuelekeza kwa mshauri au daktari wa akili. Nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu Kenya hupigwa bure, na ukianza kuwaza kujiua, ipige leo au nenda hospitali leo, usingoje asubuhi.

Kadi ya kwenye droo

Siku mbaya hutakumbuka mwongozo wowote. Andika kadi mapema, uiweke pale mkono unapofika. Yangu imepauka kwa jasho, na inasema hivi:

Daktari aliangalia tarehe 9 Aprili. Nguvu, macho, mwendo, presha: sawa.
Nitarudi likianza kuuma, mkono ukilegea, au macho yakibadilika. Leo hakuna hata kimoja.
Si lazima nijue ni nini.
Kioo kibaki kilivyo.
Meno yaachane, mabega chini.
Kuna gauni la mama wa Free Area halijapigwa pasi. Anakuja saa kumi.